Fundi wa Juni si Fundi wa Desemba: Tathmini ya Huduma za Krismasi Mjini Kigoma

Malalamiko mengi ya Krismasi hapa Kigoma huanzia mahali pamoja. Mteja aliona gauni lililoshonwa Juni likakaa vizuri, akala keki ya bethdei ya Agosti ikamfurahisha, akanunua migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, ya bei poa Septemba. Sasa anataka vyote vitatu kwa ubora uleule, kwa bei ileile, tarehe 23 Desemba. Havipati, na sikukuu inaharibika hata kabla ya misa ya mkesha.

Hapa tunapima huduma ambazo familia za Mwanga, Gungu, Katubuka, Bangwe na Ujiji hununua zaidi msimu huu. Swali tunaloliuliza kila moja ni hili: wiki ya Krismasi, huduma hii inaweza kutoa nini kweli? Ukilijua jibu mapema utalipia kile kilichopo, na raha utaipata. Hatutaji duka wala fundi kwa jina, kwa sababu tofauti ya kazi nzuri na mbovu msimu huu hutokana na tarehe na maelekezo zaidi kuliko jina lililo juu ya mlango.

Fundi cherehani

Kati ya huduma zote za sikukuu, hii ndiyo inayolipa kuliko zote na ndiyo inayouma kuliko zote. Nguo ya kushona hukaa mwilini kuliko ya mtumba, na mtoto huivaa hadi Pasaka na kuendelea. Ila Desemba fundi ana foleni tatu. Kuna nguo za sikukuu, kuna sare za harusi, na kuna sare za shule za Januari, ambazo watu huzisahau. Mzazi anayejipanga huleta kitambaa cha sare Novemba, na fundi hawezi kukimwaga kwa sababu huyo ni mteja wa kila mwaka. Nguo yako ya Krismasi inaingia katikati.

Chanzo cha pili cha kuchelewa ni ovaloki. Mafundi wengi wana cherehani cha miguu ambacho umeme ukikatika kinaendelea kushona, lakini ovaloki inataka umeme, na mara nyingi mashine moja huhudumia vibaraza kadhaa. Kwa hiyo unaweza kukuta gauni lako limekwisha kila kitu isipokuwa kingo za ndani, na linasubiri siku mbili. Ukiambiwa "bado ovaloki", huenda ni kweli. Ukiambiwa hivyo mara tatu, kitambaa bado hakijakatwa.

Tarehe tunayopendekeza ni kitambaa kumfikia fundi kabla Novemba haijaisha, na mwisho kabisa wiki ya kwanza ya Desemba. Mwambie unaitaka nguo tarehe 18, usimwambie 24. Siku hizo sita ni za kujaribu na kurekebisha, na bila hizo gauni linalobana kwapa litavaliwa likibana kwapa. Lipa nusu, nyingine siku ya kuchukua, na zipu, vifungo na bitana viwe ndani ya bei mliyopatana, ili usije ukaongezewa hesabu mlangoni. Siku tano baada ya kupeleka, pita umwambie kwa heshima: "Fundi, naomba nione kilichokatwa." Usiulize kama kazi inaendelea. Kazi huendelea siku zote. Kitambaa kilichokatwa ndicho ushahidi.

Kuhusu kitambaa, Kigoma tuna bahati ya vitenge vinavyovuka ziwa kutoka Kongo, na sokoni Mwanga na Ujiji utavipata vya kila daraja. Kitenge cha waksi halisi rangi yake huonekana pande zote mbili kwa nguvu karibu sawa. Kikiwa kimepauka upande wa nyuma, kimechapwa upande mmoja, na kitapauka zaidi kikifuliwa. Sugua pembe kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikihamia, usikichanganye na nyeupe kwenye mshono mmoja. Loweka kitenge usiku mmoja kwenye maji baridi, kianike kivulini, kipige pasi, ndipo ukipeleke. Pamba hunywea, na fundi akikata kabla ya kunywea, gauni litapanda juu ya goti baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Kwa sare ya familia ya watu watano, mama gauni, baba shati, watoto watatu wa shule ya msingi, pisi mbili za yadi 6 zinatosha watoto wakiwa wadogo; wakiwa warefu, ongeza yadi moja. Mama huchukua yadi 4, baba 2 na nusu hadi 3, kila mtoto moja na nusu hadi mbili kulingana na urefu. Hesabu hiyo huharibika ukichagua kitenge chenye picha zenye juu na chini, kama ndege, samaki au miti. Fundi akitaka kuokoa kitambaa hugeuza kipande, na mgongoni kwa baba ndege wakaruka wamepinduka. Kwa kitenge cha namna hiyo ongeza nusu yadi kwa kila nguo ya mtu mzima, na umwonyeshe fundi kwa kidole upande wa juu ni upi. Chora mshale kwa chaki upande wa nyuma, maana anayekata huenda si yule uliyezungumza naye.

Nguo za watoto zina siri moja. Mwombe fundi aache inchi moja ndani ya mishono ya pembeni na pindo la inchi mbili chini. Hakuna gharama ya ziada, ila wasipoambiwa wengi huacha robo inchi. Mtoto akirefuka Machi, unafumua pindo na nguo inaendelea.

Kasoro ya kawaida ya haraka ya Desemba ni zipu. Zipu rahisi ya nailoni hufunguka katikati mtoto anapokaa kwenye benchi la kanisa. Inunue mwenyewe, uipandishe na kuishusha mara kumi dukani. Mtindo pia uwe wa kawaida. Gauni lenye mikono ya puto, tabaka tatu na mkanda wa kufunga nyuma linataka jaribio angalau mara mbili, na Desemba jaribio la pili halipo. Gauni la kukaza kiunoni kidogo na sketi ya kumwagika fundi yeyote mzuri atalitoa bila kulikosea. Mapambo yaachie kitenge chenyewe.

Alama: 4 kati ya 5 kwa aliyepeleka Novemba. Kwa aliyepeleka tarehe 15 Desemba, 1, na hiyo moja ni ya kitambaa.

Samaki, na mwezi wa angani

Wageni kutoka Dar es Salaam hufika Kigoma na wazo moja kichwani: migebuka wabichi, wa kukaanga, asubuhi ya Krismasi. Mwenyeji huahidi. Hapa kalenda ya kuangalia ni ya mwezi kuliko ya ukutani.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Mwanga huvuta dagaa juu, na mgebuka anayewawinda huja nyuma yao. Mwezi ukiwa mpevu maji yote yana mwanga, taa ya mvuvi haina nguvu ya kuvuta, na mitumbwi mingi hupumzika karibu wiki nzima. Kwa hiyo kinachoamua meza yako ni Krismasi kuangukia giza au mbalamwezi. Mwaka 2025 mwezi mpya ulikuwa tarehe 20 Desemba, na hiyo ni nafasi nzuri. Mwaka 2026 mwezi mpevu ni alfajiri ya 24 Desemba, na hiyo ni mbaya kuliko zote. Mwaka 2027 mpevu ni tarehe 13, na sikukuu inaangukia giza tena. Kufungwa kwa ziwa kwa ajili ya kupumzisha samaki, kama kulivyofanyika 2024 kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, hakugusi Desemba, kwa hiyo hicho kisikutie hofu.

Krismasi ya mbalamwezi, usimwahidi mgeni mgebuka mbichi. Una njia mbili nzuri. Ya kwanza ni kununua wiki mbili kabla, mwaloni Kibirizi au Katonga, asubuhi mitumbwi inapoingia. Toa matumbo na matamvua palepale, osha, kausha kwa kitambaa, funga mmoja mmoja, weka frizani kwa tabaka moja hadi wagande, kisha wapange. Mgebuka ana mafuta, na akikaa sana frizani bila kufungwa vizuri huchacha, basi wiki mbili hadi tatu ni muda wa kuridhisha. Njia ya pili ni kuhe, samaki mkubwa wa ziwa hilihili. Huyu hategemei taa kama mgebuka, nyama yake ni nyeupe na nzito, na mmoja mkubwa hupamba meza kuliko sinia la migebuka kumi. Bei yake iko juu, na muuzaji wa wiki ya sikukuu anaijua. Weka oda kwa mchuuzi unayemwamini mapema, kwa kilo, si kwa "samaki mmoja mkubwa", maana ukubwa ni maneno.

Unapochagua mgebuka mbichi, anza na tumbo. Mgebuka aliyekula dagaa hulegea tumboni kwanza, kwa sababu chakula alichomeza kinaendelea kusagika na ukuta wa tumbo nao unalainika. Tumbo likiwa limepasuka au linabonyea na kubaki hivyo, muache hata kama macho yanang'aa. Matamvua yawe mekundu, si kahawia. Muuzaji akikuambia "mama, ni wa leo", mjibu vizuri kisha bonyeza tumbo.

Dagaa wa kukausha wana tatizo lao la Desemba, nalo ni mvua. Kwa jua zuri dagaa hukauka siku moja. Mvua za Novemba na Desemba huwafanya wakae siku mbili au tatu, wanapata unyevu, wanageuka njano na harufu kali. Wale wa kwenye vichanja huwa safi kuliko wa mchangani. Pima hivi: chota kiganja kimoja, tia kwenye bakuli la maji, koroga, waondoe. Mchanga utabaki chini. Ukiona umefunika sakafu ya bakuli, unanunua ziwa pamoja na ufukwe wake. Dagaa mzuri ukimkunja anakatika kwa mlio, hapindi.

Ukituma dagaa au migebuka waliobanikwa kwa ndugu walioko mbali kwa basi au treni, tumia boksi la karatasi lenye matundu, na gazeti kati ya tabaka. Mfuko wa plastiki ulishapigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hata kabla ya hapo ulikuwa ukiharibu mzigo. Unyevu haukuwa na pa kutokea, ukungu ukaota njiani. Migebuka waliobanikwa wapitishwe tena kwenye moto mdogo siku ya kutuma, wapoe kabisa, ndipo wafungwe. Wakifungwa wa moto, jasho lao wenyewe litawaozesha kabla ya Tabora.

Alama: 5 kwa Krismasi ya giza, 3 kwa Krismasi ya mbalamwezi, na hizo tatu ni za kuhe.

Keki ya kuoda

Akina dada wanaooka majumbani mjini hapa wamepiga hatua kubwa. Kazi nyingi ni safi na keki yenyewe, ule mkate wa ndani, huwa nzuri. Kinachoangusha ni kile kilicho juu yake. Picha ambayo mteja hutuma kwenye simu mara nyingi ni keki iliyopigwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi, ikiwa na krimu nyeupe ndefu na maua. Kigoma Desemba ni joto na unyevu. Krimu ya kupiga huanza kulegea ndani ya saa moja nje ya friji. Fondanti, ule utando laini wa sukari unaofunika keki, hustahimili joto zaidi, lakini ikitoka kwenye friji baridi hutoa jasho, na rangi nyekundu ikiteremkia nyeupe inaonekana kama ajali. Krimu ya siagi iko katikati, na ikichanganywa na siagi ya mimea kidogo husimama vizuri zaidi, ingawa ladha hupungua.

Mwoka mwaminifu atakwambia hayo kabla hujalipa. Anayekubali kila picha unayomtumia, mwogope.

Chagua keki ya tabaka moja au mbili fupi, si mnara. Keki huuzwa kwa kilo, na kilo moja hutosha watu wanane hadi kumi kwa vipande vya heshima. Kama kuna pilau na soda, hata kumi na wawili. Familia ya watu ishirini inataka kilo mbili, na kilo tatu itabaki hadi tarehe 27 ikiwa imekauka. Ladha salama ni vanila, chungwa au ya matunda makavu. Hii ya mwisho ndiyo tunaipendekeza hasa kwa Krismasi, kwa sababu huokwa siku tatu au nne kabla na huwa nzuri zaidi inapokaa. Mwoka hana sababu ya kuoka usiku wa 24 umeme ukiwa na mashaka, nawe unaichukua tarehe 23 bila foleni.

Kuisafirisha kwa bajaji, weka boksi sakafuni, miguu yako pande zote mbili, usiibebe mapajani. Paja lina mteremko na lina joto. Boksi liwe na nafasi ya vidole viwili kila upande, na keki ibandikwe kwa krimu kidogo kwenye kibao chake cha chini ili isisogee kwenye matuta.

Alama: 4 kwa keki ya matunda bila mapambo mazito; 2 kwa keki ya picha.

Mpishi wa pilau wa kukodi

Huduma hii ni nzuri sana kwa nyumba yenye wageni zaidi ya kumi na tano, na ni upotevu kwa walio chini ya hapo. Mpishi huja na masufuria na mwiko. Wewe unatoa mchele, nyama, viungo na mkaa. Kwa mtu mzima hesabu gramu 150 za mchele mkavu, yaani kilo moja kwa watu sita au saba, na nyama si pungufu ya nusu kilo kwa kila kilo ya mchele. Kwa watu thelathini: mchele kilo 5, nyama kilo 3 hadi 4, vitunguu kilo 1 na nusu, viazi kilo 2, mafuta lita moja na robo, na kitunguu saumu na tangawizi vya kutosha kiganja kizima. Bizari nyembamba ya kusaga mwenyewe siku hiyohiyo ni bora kuliko pakiti iliyokaa dukani.

Kosa la Desemba ni maji. Mchele mwingi huvunwa katikati ya mwaka, kwa hiyo unaopikwa Krismasi umekaa miezi na umekauka. Unakunywa maji zaidi kuliko ule wa Julai. Mpishi anayetumia kipimo chake cha Julai atapata pilau yenye kiini kigumu, ataongeza maji juu, na chini kutakuwa uji. Mwambie apike kikombe kimoja cha majaribio kwanza. Mpishi mzuri hatanuna. Mvua ikitishia, jiko liwe chini ya bati tangu asubuhi na mkaa wa akiba uwe ndani, kwa sababu makaa ya juu ya mfuniko ndiyo yanayokausha pilau, na mkaa uliolowa hautayatoa.

Usimpe mpishi huyohuyo pilau, kuku wa kukaanga, samaki, saladi na maandazi kwa mikono yake miwili. Pilau na kachumbari vikitoka vizuri vinatosha. Kuku mpe jirani mwenye jiko.

Na kuku mwenyewe

Kuku wa kienyeji nunua wiki mbili kabla, akae peke yake mbali na wako. Mabawa yaliyoning'inia, kinyesi cha kijani au shingo inayopinda ni dalili za kideri, na muuzaji wa wiki ya sikukuu anayeuza kwa bei ya chini ajabu huenda anawatoa kabla hawajafa. Jogoo mkubwa anataka saa moja na nusu hadi mbili za kuchemka kabla ya kukaangwa. Ukimkaanga moja kwa moja wageni watamsifu kwa macho tu.

Mwisho, mambo mawili ya nyumbani. Taa za kumeta za mapambo za bei ya chini zinatosha kwa msimu mmoja. Usiziache zikiwaka mkiondoka kwenda kanisani, na usizichomeke pamoja na friji kwenye soketi moja ya kuongeza.

Pilau ikibaki, isifunikwe ikiwa ya moto na kuachwa jikoni hadi tarehe 26. Imwage kwenye sinia pana ipoe haraka, ndani ya saa mbili iingie kwenye friji, na kesho yake ipashwe hadi itoe mvuke katikati. Asiye na friji ampelekee jirani siku hiyohiyo ikiwa bado ya moto.